Jino, ovaloki na pesa za chama

BARUA

Dada Mshauri, salamu nyingi kutoka Kawangware.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 39, na kazi yangu ni kushona. Nina kibanda changu upande wa mtaa unaoitwa 46, nashona zaidi sare za shule. Mume wangu ni askari wa usiku kwenye jumba la ofisi huko Upper Hill. Tunaishi vizuri, sina la kulalamikia katika ndoa yangu. Nakuandikia kuhusu jino, ingawa kila nikiliwaza naona limebeba mambo mengine.

Ni gego la chini, upande wa kushoto. Lilianza kunisumbua mwezi wa nane. Nikinywa chai ya moto maumivu yanapanda hadi sikioni, na hata nikishameza yanabaki pale pale. Usiku ndio ulikuwa jehanamu. Nimetafuna karafuu, nimesukutua maji ya chumvi, nimenunua antibayotiki kwa kemisti bila kuandikiwa na daktari, nimemeza dawa za kutuliza maumivu mpaka tumbo likaanza kuniwaka moto. Halafu asubuhi moja nikaamka, kimya. Chai ya moto, maji baridi, hakuna kitu. Nikamshukuru Mungu nikarudi kwa cherehani yangu.

Lakini sasa kwenye ufizi, chini ya jino hilo, kumeota kijipu. Kinajaa, kinapasuka chenyewe, kinaniachia ladha mbaya mdomoni, kisha baada ya siku chache kinarudi. Hakiumi. Mume wangu sijamwonyesha.

Mteja wangu mmoja alinielekeza kliniki fulani mjini. Nikapigwa eksirei ya Sh1,000. Daktari alinionyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, akasema mshipa wa ndani umekufa na kuna usaha, lakini jino laweza kuokolewa. Ruti kanali, yaani kusafisha na kuziba mizizi ya jino, ni Sh16,000, halafu krauni ya kulifunika Sh25,000. Pamoja na eksirei niliyokwisha kulipa, ni Sh42,000. Nilimwambia nitafikiria. Nilishuka ngazi nikishikilia ukuta.

Hapa mtaani kuna kliniki juu ya duka la simu. Hao wanasema Sh8,500, kila kitu. Nilimuuliza msichana wa mapokezi kila kitu ni nini, akaniambia, "Mama, kila kitu ni kila kitu." Kuna pia fundi anayetengeneza meno bandia nyumbani kwake. Watu wanamsifu sana. Yeye ameniambia atalitoboa na kuliziba kwa Sh3,000, saa moja tu, na eksirei ni ya kupoteza pesa. Na hospitali ya umma niliyouliza, kung'oa ni Sh1,000.

Upande wangu wa kulia niling'olewa magego mawili baada ya kumzaa mtoto wa pili. Tangu hapo natafuna kushoto. Ndiyo maana naogopa kung'oa.

Lakini kuokoa pia naogopa. Wifi yangu alifanyiwa ruti kanali kwa Sh12,000. Baadaye alikuwa anakula mahindi choma, jino likapasuka katikati, likang'olewa hata hivyo. Kila tukikutana ananiambia, "Utalipa mara mbili kama mimi."

Mume wangu, nilipomtajia Sh42,000, alicheka kwanza. Kisha akasema, "Ng'oa yaishe. Mimi nimeng'oa manne na githeri bado nakula." Na ni kweli anakula.

Sasa mambo ya pesa. Niko kwenye chama cha akina mama kumi, kila mmoja anatoa Sh5,000 kwa mwezi. Zamu yangu ni mwanzo wa Desemba, nitapokea Sh50,000. Pesa hizo tulishazipangia mimi na mume wangu: mashine ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za nguo zisifumuke. Kuna moja iliyotumika, Sh38,000, mwenyewe ameahidi kuniwekea. Kwa sasa napeleka nguo kwa mwenzangu anipigie kwa Sh30 kila moja, na msimu wa sare ukifika yeye anamaliza kwanza za kwake, zangu zinachelewa, wazazi wananigombeza. Shule zinafunguliwa Januari, na kifungua mimba wangu anaingia Gredi ya 10. Bado sijanunua hata sanduku lake.

Mama mmoja wa chama ameniambia niwe mjanja: nimwambie mume wangu kwamba baadhi ya wenzetu hawakulipa zote, kwa hivyo nimepokea Sh34,000, zinazobaki nitibiwe jino kimya kimya. Ovaloki tutaitafuta nyingine baadaye. Nimelala na wazo hilo na sijalikataa.

Niambie, Dada. Je, ni ubinafsi mama kuweka Sh42,000 mdomoni mwake wakati mtoto anaenda shule? Nitajuaje bei ya kweli ni ipi kati ya hizi zote? Na kama haliumi tena, mbona nisiliache tu?

Mama Ovaloki,
Kawangware

JIBU

Mama Ovaloki, asante kwa barua yako.

Nikikusoma vizuri, una jino ambalo limekuwekea mikono miwili shingoni. Ukiling'oa unaogopa utabaki bila pa kutafunia. Ukiliokoa unaogopa utakula pesa za ovaloki na za sanduku la mtoto, na pengine lipasuke kama la wifi yako. Katikati ya hayo kuna mume ambaye hana ubaya, na uongo mdogo ambao mwenzako amekuandalia tayari. Umeniuliza maswali matatu. Nianze na la mwisho, kwa sababu majibu ya yale mengine yanalitegemea.

Maumivu yako hayakuisha kwa kuwa jino limepona. Ndani ya gego kuna nyama laini yenye neva na mishipa ya damu. Vijidudu vikishaingia kupitia tundu, nyama hiyo huvimba, na kwa kuwa imezungukwa na ukuta mgumu haina pa kupanukia. Ndiyo yale maumivu ya chai ya moto na ya usiku. Ikishakufa, hakuna kinachohisi tena. Vijidudu navyo hubaki mle mle, huteremka hadi kwenye ncha ya mzizi na kutengeneza usaha kwenye mfupa. Kivuli cheusi ulichoonyeshwa kwenye eksirei ndicho hicho. Kijipu chako ni tundu ambalo usaha umejichimbia utokee nje, na hakiumi kwa kuwa usaha una pa kupitia. Antibayotiki za kemisti hazingeweza kulimaliza jambo hili, kwa sababu damu haifiki tena ndani ya jino lililokufa, na dawa husafiri kwa damu. Chanzo lazima kisafishwe, au jino litolewe.

Kwa hivyo kuliacha tu ni njia mojawapo, na watu wengi Nairobi wanaishi nayo miezi na miezi. Sitakutisha. Lakini tundu hilo likiziba, usaha hutafuta njia nyingine. Ukiona shavu au chini ya taya pamevimba, una homa, mdomo haufunguki vizuri, unashindwa kumeza mate au kupumua kunakuwa kazi, hapo usisubiri zamu ya chama wala asubuhi. Nenda idara ya dharura ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta au hospitali yoyote kubwa iliyo wazi, hata usiku wa manane. Hukuniambia kama una kisukari. Kama unacho, au hujapimwa muda mrefu, mwambie daktari wa meno mapema, kwa maana kwa mwenye kisukari usaha huenea upesi. Na zile dawa za maumivu zilizokuwasha tumbo, usizirudie bila kumuuliza mtu wa dawa. Ibuprofeni na diklofenaki zina tabia hiyo, hasa zikimezwa kwa wingi na tumbo likiwa tupu.

Sasa bei. Wewe unayeshona unajua: mtu akikupigia simu akuulize "nguo ni pesa ngapi", huwezi kumjibu kabla hajasema ni sare ya mtoto wa chekechea au ni suti ya bwana harusi. Meno ni vivyo hivyo. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja ndani ya mzizi. Gego la chini kama lako mara nyingi lina mitatu, wakati mwingine minne, tena myembamba na yenye kupinda. Kila mfereji unatafutwa, unapimwa urefu, unakwanguliwa kwa vijisindano vyembamba, unaoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha unajazwa na kuzibwa. Kazi hii yaweza kuchukua ziara moja au zaidi, na eksirei hupigwa kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, mara nyingi na katikati pia. Anayekutajia bei bila kuuliza ni jino lipi hajakutajia bei.

Hapo ndipo nataka tuzitazame tena namba zako. Umekuwa ukilinganisha Sh42,000 za mjini na Sh8,500 za mtaani. Lakini ndani ya zile Sh42,000 mna krauni ya Sh25,000. Je, kwenye "kila kitu" cha mtaani krauni imo? Ningeshangaa sana ikiwamo. Kama haimo, basi unalinganisha Sh16,000 na Sh8,500, na hiyo ni tofauti ya aina nyingine kabisa. Tofauti hiyo yaweza kutokana na kodi ya nyumba, vifaa, uzoefu wa daktari, au kama anayekutibu amebobea katika mizizi ya meno. Yaweza pia kutokana na njia za mkato. Kliniki yenye vigae vinavyong'aa si lazima iwe ya wezi, na ile iliyo juu ya duka la simu si lazima iwe ya ovyo. Utajua ukiuliza: Bei hii ni ya mifereji mingapi? Eksirei zimo? Ziara zote zimo, au kila nikija nalipa ada ya kumwona daktari? Juu ya jino mtaweka nini, na hicho kimo? Likisumbua tena baada ya miezi mitatu, nalipa upya? Muulize pia kama wanatumia ule mpira mwembamba unaotandazwa kuzunguka jino ili mate yasiingie na vijisindano visikuteleze kooni. Daktari anayejiheshimu hatakasirikia maswali haya. Omba majibu yaandikwe kwenye karatasi, kila kitu na bei yake. Karatasi hiyo ina manufaa hata usipotibiwa pale.

Kuhusu wifi yako, nina swali moja tu la kumuuliza: je, lile jino lake liliwekwa krauni? Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliopitia rekodi za bima za meno zaidi ya milioni 1.4 yaliyotibiwa mizizi. Baada ya miaka minane, 97 kati ya kila meno 100 yalikuwa bado mdomoni. Na katika yale machache yaliyong'olewa, asilimia 85 hayakuwa yamefunikwa kwa krauni kamili. Jino lililotibiwa mzizi limeshatobolewa na kupoteza sehemu yake kubwa, na gego ndilo linalobeba uzito wa kutafuna, kwa hivyo bila kufunikwa ni rahisi kupasuka. Pengine kilichomwangusha wifi yako ni hatua ya pili ambayo hakuifikia, labda kwa sababu hakuna aliyemweleza, labda pesa zilikwisha. Lakini usichukue takwimu hiyo kama ahadi. Hao walikuwa watu wenye bima katika nchi nyingine, na hata kazi nzuri huweza kushindwa: mfereji mmoja hauonekani, mzizi una ufa, usaha unarudi. Ukikutana na anayekuhakikishia mia kwa mia, muulize swali lako tena polepole.

Sasa huyu fundi wa Sh3,000. Hapa sitazunguka. Kuna mafundi halali wa meno bandia, na kazi yao ina heshima, lakini kutoboa na kuziba jino lenye usaha si kazi yao. Kuliziba bila kulisafisha ni kuufungia usaha ndani. Na sindano na vyuma visivyotakaswa vijidudu ipasavyo huweza kubeba homa ya ini na virusi vya Ukimwi kutoka mdomo mmoja hadi mwingine. Sheria ya Kenya inamtaka kila daktari wa meno awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, lile linalojulikana kama KMPDC, na leseni yake hufanywa upya kila mwaka. Kliniki yenyewe pia huwa na leseni, nayo inapaswa kuwa ukutani mahali unapoweza kuisoma. Tazama mwaka. Jina la daktari unaweza kulitafuta kwenye sajili iliyo katika tovuti ya Baraza, kwa simu yako, kabla hujapanda ngazi. Uliza pia kama atakayekutibu ni daktari wa meno au ni afisa wa afya ya kinywa. Wote ni wataalamu wanaotambuliwa, ila mizizi ya gego ni kazi ya daktari. Fanya hivyo kwa kliniki ya mjini na ya mtaani sawasawa.

Kuna mlango mwingine ambao hukuutaja: hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyo kando ya barabara ya Argwings Kodhek. Pale wanafunzi wa udaktari wa meno hutibu wagonjwa chini ya macho ya walimu wao, na wengine ni madaktari kamili wanaoongeza ubobezi. Gharama huwa nafuu kuliko kliniki nyingi za binafsi, na kazi hukaguliwa hatua kwa hatua. Unacholipa zaidi pale ni muda. Ziara ni nyingi na ndefu, kuna foleni, na kalenda ya chuo ina likizo zake. Kwako wewe Novemba na Desemba, kila asubuhi ya foleni ni sare ambazo hazijashonwa. Piga hesabu hiyo pia, usitazame nauli tu.

Nisimsahau baba watoto. Anaposema ng'oa yaishe, hasemi upuuzi. Kung'oa ni tiba kamili. Huondoa chanzo cha usaha siku hiyo hiyo, na kuna meno ambayo daktari akiyatazama vizuri huona hayafai kuokolewa. Sh1,000 na unarudi kazini. Lakini meno manne ya mumeo yalikuwa yapi, na alibaki na yapi? Wewe kulia umeshapoteza magego mawili. Likitoka hili, utatafunia wapi? Hilo ni swali la daktari akiangalia mdomo wako wote, si jino moja. Pengo likikaa, meno jirani huweza kuliinamia na lile la juu lililokosa mwenzake likaanza kushuka. Ukitaka kuliziba, kuna meno bandia ya kuvua na kuvaa, ambayo ndiyo ya bei nafuu. Kuna ya kuunganishwa na jirani zake, ambayo hulazimu jirani wazima kusagwa. Na kuna la kupandikizwa kwenye mfupa, ambalo kwa kawaida hugharimu kuliko ruti kanali na krauni yake zikijumlishwa. Au unaweza kuliacha pengo na ukaishi. Wengi wanaishi.

Turudi kwenye zile Sh50,000. Barua yako imeandikwa kana kwamba lazima jino au ovaloki, moja wapo, Desemba. Mimi sina hakika. Ukinunua mashine unabaki na Sh12,000. Hizo zinatosha bei ya mtaani kama ikipita maswali yako, na zinapungukiwa na Sh4,000 tu kwa bei ya mizizi ya mjini. Krauni si lazima iwekwe siku ile ile. Daktari aweza kulifunga jino kwa kijazo imara, ukarudi baada ya wiki kadhaa, na kliniki nyingi hukubali kulipwa kila ziara. Hatari yake tumeshaiona kwa wifi yako: wiki zikigeuka mwaka, jino laweza kupasuka. Kwa hivyo njia hii inafaa kama krauni itapewa mwezi wake na pesa zake, na wewe uendelee kula vya laini upande huo kwa sasa.

Upande wa pili, ovaloki yenyewe je? Kwa Sh30 kila nguo, utahitaji nguo zaidi ya 1,260 kabla haijarudisha Sh38,000. Hukuniambia unashona ngapi kwa msimu. Kama ni 200, unalipa mwenzako Sh6,000, na huenda mashine ikaweza kungoja hadi muhula wa pili. Kama ni 800, au kama ukiwa nayo wengine watakuletea nguo zao wakulipe wewe, basi kuiahirisha ndiko kunakokugharimu. Daftari lako linajua kuliko mimi. Unaweza pia kuomba kubadilishana zamu na mwenzako wa chama ili upate mapema, ingawa fadhila kama hiyo nayo hudaiwa siku moja.

Na bima? Mumeo ameajiriwa, kwa hivyo mwajiri anapaswa kumkata asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, na mchango huo unamhusu mke na watoto mradi mmeandikishwa chini yake. Piga *147# muangalie kama jina lako limo. Kisha kila hospitali unayoiuliza bei, uliza pia: mna mkataba na SHA, na matibabu ya mzizi wa jino yanalipiwa hapa au najilipia? Jibu lipatikane ukiwa bado umesimama mapokezi.

Limebaki lile la Sh34,000. Sitajifanya kwamba kila mke anayeficha pesa ana hatia. Kuna nyumba ambako kusema ukweli kuhusu pesa ni kuzipoteza. Ni wewe unayeijua yako. Lakini kwa ulivyoniandikia, mumeo alicheka aliposikia Sh42,000, hata wewe ulishikilia ukuta. Hajasikia Sh16,000. Hajasikia Sh8,500. Hajui kwamba wewe unatafunia upande mmoja, au anajua na hajawahi kulifikiria. Kijipu hajakiona. Amekataa namba moja, na wewe umeshahitimisha kwamba amekukataa. Fikiria pia kwamba akina mama kumi wanajua chama kilitoa ngapi, na mmoja wao ameshajua unapanga kusema nini. Siri ya namna hiyo Kawangware ina miguu. Akiisikia kwa jirani, mazungumzo hayatakuwa ya jino tena. Ukimwambia ukweli, nako kuna hatari: anaweza kusema la, na itabidi uamue utafanya nini na hilo la. Labda ndilo unaloliogopa zaidi kuliko sindano.

Ubinafsi? Nimeisoma barua yako mara mbili. Shule ina tarehe yake, mashine ina tarehe yake, hata sanduku lina tarehe yake. Jino peke yake ndilo halijapangiwa siku, na wala sijaona mahali ambapo mtu nyumbani kwako alikwambia usitibiwe. Alisema ng'oa. Aliyesema "ubinafsi" ni nani?

Kabla ya kuamua lolote, ile eksirei ya mjini ulishailipia. Pigia kliniki simu uombe nakala, hata kwa WhatsApp, uende nayo kliniki ya mtaani na pale Argwings Kodhek uwasikie watakavyoisoma. Wakikubali kwamba bado ni ya karibuni, utakuwa umeokoa elfu moja.